Chupa moja, kifo cha mutu mumoja: je, ni ulozi?



Mwezi huu tunataka kuzungumuza juu ya pombe, lakini si kwa namna mumezoea. Kila mutu anajua kanisa linasema nini juu ya ulevi, na walevi wenyewe wanajua kuliko wote. Tunataka kueleza jambo lingine: kwa nini watu wawili wanaweza kunywa chupa moja, mumoja akafa kesho yake, na mwingine akatembea siku mbili kama muzima. Jambo hili linaleta vifo viwili katika jamaa. Kifo cha kwanza ni cha mutu aliyekunywa. Kifo cha pili ni cha upendo, wakati jamaa inaanza kutafuta mulozi.

Tuseme hivi. Ni siku ya posho, mangaribi. Vijana watatu wachimbaji, wale tunaita krezeri, wameuzisha majiwe yao na kugawanya feza. Wananunua chupa moja ya pombe kali isiyo na etiketi, bei rahisi. Kijana wa kwanza anakunywa makopo mawili ya ile pombe kali tu, kisha anaenda kulala kwa shangazi yake na kula bukari huko. Wa pili anakunywa makopo mawili ya chupa ile ile, lakini yeye anaongeza bia usiku kuchwa, na kesho yake anakunywa bia tena kwa kuponesha kichwa. Wa tatu anakataa ile chupa. Anakunywa bia yake moja na kurudi nyumbani.

Siku ya Mungu asubui, kijana wa kwanza anaamka na kichwa kinamuuma kidogo tu. Nyuma ya saa sita anaanza kutapika, anashika tumbo, anapumua mbio mbio, anasema macho yake yanaona ukungu mweupe. Wanasema ni malaria. Usiku anakufa.

Sasa sikiliza maneno ku kilio: "Bote balikunywa pamoya, juu ya nini ni huyu tu anakufa?" "Alilala kwa nani? Nani alimupikia bukari?" Mbele maiti haijazikwa, shangazi amekwisha kuwa mulozi. Na kama mutu anaenda kwa mufumu, mufumu hatasema hapana, kwa sababu hapana haimupatii feza. Siku ya pili ya juma, yule kijana wa pili, aliyekuwa anabeba viti ku kilio, naye anasema haoni. Sasa watu wote wanapiga kelele: "Munaona? Ulozi unaendelea!"

Musomaji mupendwa, mwandishi wa mistari hii ni muchungaji, si munganga. Lakini muchungaji anayezika watu anapashwa kujua ni nini kinawaua. Katika habari hii hakuna bukari ya ulozi. Kuna chupa, kuna maini, na kuna mulango mumoja ndani ya maini.

Pombe si moja

Tunasema "pombe" kama vile ni kitu kimoja. Wanganga na wenye kujua kemia wanasema alkoli ni jamaa kubwa, yenye watoto wengi. Mutoto mumoja anaitwa etanoli. Huyu ndiye alkoli iliyo ndani ya bia, ndani ya divai, ndani ya lutuku ya mahindi na muhogo. Inalevya, na kwa miaka mingi inaharibu maini na nyumba, lakini mwili unajua kuichoma.

Ndugu yake anaitwa metanoli. Zamani walikuwa wanaitoa katika miti iliyochomwa, kwa hiyo Wazungu waliiita alkoli ya miti. Leo viwanda vinaitengeneza kwa wingi, kwa kazi ya rangi, ya kuyeyusha vitu, ya mafuta ya kuwasha, na ya maji ya kusafisha vioo vya motokari. Haina rangi, inanukia sawa pombe, na inalevya kidogo. Metanoli safi, mililita 10 tu inaweza kupofusha mutu, na mililita 30 inaweza kumuua. Mililita 30 ni vijiko viwili vikubwa.

Wengine wanasema: "Sisi tunapima. Tunawasha kiberiti, tukiona moto, pombe ni nzuri." Hapana. Metanoli nayo inawaka, tena moto wake hauonekani vizuri muchana. Ulimi hauwezi kuitambua, pua haiwezi, kiberiti hakiwezi.

Tuseme ukweli pia kwa wamama wanaopika lutuku. Kwa kawaida nafaka iliyochacha na kuchemushwa inatoa metanoli kidogo tu. Vifo vya watu wengi kwa mara moja vinatoka zaidi kwa mufanya biashara anayechukua metanoli ya kiwanda, kwa sababu ni rahisi, na kuichanganya katika pombe ili apate chupa nyingi. Mwenye kunywa anakunywa etanoli na metanoli ndani ya kopo moja, naye hajui.

Barieri ndani ya maini

Mumeona mustari wa makamyo ku Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia. Makamyo ni mengi, barieri ni moja. Kamyo ambayo haijapita inangoja tu. Ndani ya maini yetu kuna barieri ya namna hiyo. Wanganga wanaiita enzima, maana yake mufanyakazi mudogo sana wa mwili, mwenye kazi moja. Jina lake ni dehidrojenazi ya alkoli. Kila alkoli inayoingia mwilini inapashwa kupita kwake ili igeuzwe.

Kamyo ya etanoli ikipita barieri hiyo, inageuka kuwa asetaldehidi. Hiyo ni mbaya, lakini kuna barieri ya pili karibu, inayoigeuza upesi kuwa kitu ambacho mwili unatumia sawa chakula. Kamyo ya metanoli ikipita, inageuka kuwa fomaldehidi, kisha upesi inakuwa asidi ya fomiki. Jina la asidi hiyo linatoka kwa neno la Kilatini la siafu, kwa sababu watu waliipata kwanza katika wadudu hao. Asidi ya fomiki ndiyo muuaji. Inazuia chembe za mwili kutumia hewa tunayovuta, na mushipa wa macho unaumia mbele ya sehemu nyingine. Damu inakuwa chungu kama siki, mutu anapumua mbio mbio ili kuitoa uchungu, na mwisho anaanguka usingizi ambao haamki.

Shikeni neno hili, kwa sababu habari yote imesimama juu yake: metanoli yenyewe, mbele ya kupita barieri, haifanyi ubaya mukubwa. Ni kamyo iliyofungwa turubai. Sumu inazaliwa ng'ambo ya barieri.

Sasa, makamyo ya namna mbili yakifika pamoja, nani anapita kwanza? Enzima hii inapenda etanoli zaidi ya metanoli, mara 10 mpaka 20 hivi. Etanoli ikiwa ndani ya damu ya kutosha, inajaza barieri yote, na metanoli inasimama inangoja. Mutu anaonekana muzima. Hana sumu bado. Lakini ametembea na sumu yake ndani, sawa mutu aliyebeba baruti mufukoni.

Turudie wale vijana

Kijana wa kwanza alikunywa chupa ile tu, yenye etanoli kidogo na metanoli mingi. Etanoli ikaisha usiku. Toka hapo barieri ikabaki ya metanoli peke yake. Kwa kawaida alama zinakuja nyuma ya masaa 12 mpaka 24. Ndiyo sababu aliamka akiwa na nguvu, na kuanguka muchana.

Kijana wa pili alikunywa sumu sawasawa na mwenzake. Ile bia yake haikuondoa metanoli; ilifunga barieri kwa muda. Chupa moja kubwa ya bia, sentilita 72 yenye alkoli 5 kwa mia, inahitaji masaa matatu ao ine hivi kumalizika mwilini. Yeye alikunywa nyingi, usiku na kesho yake tena. Kwa hiyo barieri yake ilikaa imefungwa mpaka siku ya Mungu usiku. Alipoacha kunywa, ikafunguka. Sumu ikazaliwa siku ya kwanza ya kazi, akapofuka siku ya pili.

Munaona? Yule aliyekunywa pombe nyingi zaidi ndiye alichelewa kuanguka. Kwa macho ya watu ni ajabu, na kila ajabu tunaipa jina la ulozi. Tena miili yetu haifanani: mumoja alikunywa kopo la kujaa, mwingine nusu, mumoja anakula majani na maharagi yenye vitamini inayosaidia mwili kuchoma asidi ile, mwingine hapana. Shangazi hakutia kitu ku bukari.

Na huyu wa pili, alipokuwa anabeba viti ku kilio, angaliweza kuokolewa. Siku moja kamili na zaidi alikuwa na nafasi ya kufika hopitali akiwa na macho yake. Hakuna mutu aliyemwambia, kwa sababu watu wote walikuwa wanaangalia shangazi. Uongo juu ya ulozi hauumizi tu yule anayeshitakiwa. Unaua pia mugonjwa wa pili.

Haya yametokea kweli

Katika Uganda, mwaka 2010, wilaya ya Kabale, watu karibu 80 walikufa kwa pombe kali iliyochanganywa na metanoli. Katika Libya, mwaka 2013, watu zaidi ya 1,000 waliugua, na 100 hivi wakafa. Katika Kenya, mwezi wa tano mwaka 2014, watu karibu 100 walikufa, na wengine wakapofuka. Mwaka 2012, katika Ucheki, inchi ya Ulaya yenye hopitali nzuri, zaidi ya watu 30 walikufa, na serikali ikakataza kwa muda kuuzisha pombe kali zote zenye alkoli ya 20 kwa mia na zaidi. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, mamia ya watu walikufa katika Iran. Wengine walikuwa wamesikia kwamba alkoli inaua ugonjwa ule.

Waislamu, Wakristo, Wazungu, Wafrika: chupa haiulizi dini wala rangi. Na sisi katika Haut-Katanga na Lualaba, fasi feza ya migodi inaingia siku moja na kuisha siku moja, fasi bidoni za kemikali zinatoka ku viwanda na kuuzishwa ku soko, hatuwezi kusema jambo hili ni la wengine.

Dawa inayofunga barieri

Katika miaka ya 1940, munganga wa Norwei, Oluf Røe, aliangalia wagonjwa wengi wa metanoli. Aliona kwamba waliokunywa pombe ya kawaida pamoja nayo walikuwa wanachelewa kuugua. Wengine wangesema "bahati". Yeye akauliza sababu. Toka hapo wanganga walianza kutumia etanoli kuwa dawa: wanamupa mugonjwa alkoli safi kwa kipimo, ku mushipa ao kwa kinywa, ili barieri ijae, na metanoli isipate njia. Wanataka damu iwe na gramu moja hivi ya etanoli kwa litri moja, si zaidi sana, si chini. Wakati ule metanoli inatoka polepole kwa mikojo na kwa pumzi, ao kwa mashine ya kusafisha damu. Pasipo mashine, inahitaji siku mbili hivi ili nusu yake itoke. Wanampa pia bikabonati kwa kutuliza asidi, na vitamini inayoitwa asidi foliki.

Kisha ikapatikana dawa nyingine, fomepizoli. Hiyo haipiti barieri. Inakaa katikati na kuifunga, na haimulevyi mugonjwa. Marekani iliikubali kwa sumu ya metanoli mwaka 2000, na toka mwaka 2013 Shirika la Afya la Dunia limeiandika katika orodha ya dawa za lazima. Lakini ni gali, na haipatikani kila fasi. Kwa hiyo hopitali nyingi zinaendelea kutumia etanoli.

Hapa swali linakuja, nami najua linakuja kwa sababu ni jamaa za kanisa ndizo zinaliuliza: "Pasta, mutoto wetu amebatizwa. Munganga anataka kumutilia pombe ku mushipa. Tukubali?"

Jibu ni: mukubali, na mukubali upesi. Mutume Paulo alimuandikia Timoteo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake (1 Timoteo 5:23). Musamaria mwema aliweka divai na mafuta juu ya vidonda vya mutu aliyepigwa njiani (Luka 10:34). Divai ya Musamaria haikuwa karamu. Ilikuwa huruma. Alkoli ambayo munganga anapima kwa saa na kwa gramu, ili jicho la mutoto lisizimike, haiko ulevi. Muzee wa kanisa anayezuia dawa hiyo kwa jina la Mungu, atajibu mbele ya Mungu.

Lakini nasikia wengine wanacheka kule nyuma: "Pasta mwenyewe amesema bia inafunga sumu, tuletee ingine!" Ndugu, usijidanganye. Bia ya kijana wa pili ilimuchelewesha tu. Pasipo kupima, etanoli inaisha usiku ukilala, na barieri inafunguka. Tena nani atakuhakikishia kwamba chupa ya pili haikutoka ku bidoni ile ile? Matibabu haya ni ya hopitali. Kama kambi yenu iko mbali sana, mupigie munganga ao infirmie simu, naye ataamuru la kufanya njiani. Musijitibu wenyewe.

Maji matamu ya mashine

Wale wanaofanya kazi ku garaji na ku mashine kubwa za migodi wanajua antijeli, maji ya rangi wanayotia ku radiateri. Ndani yake mara nyingi kuna etileni glikoli, nayo ni ya jamaa ya alkoli. Inapita barieri ile ile. Ng'ambo yake inageuka kuwa asidi nyingine, inayofanya vijiwe vidogo ndani ya figo, na figo zinasimama. Dawa yake ni ile ile, kufunga barieri.

Hatari yake kwa nyumba ni hii: ni tamu. Mutoto anakunywa na kuomba tena. Baba anayeleta antijeli nyumbani ndani ya chupa ya sukre, na kuiweka chini ya kitanda, ametega mutego kwa mutoto wake. Wala mutoto huyo hakulogwa na bibi.

Barieri ya pili, na dawa ya siri

Nilisema kuna barieri ya pili, inayochoma ile asetaldehidi. Je, hiyo ikifungwa? Hapo hata etanoli ya kawaida, hata kopo moja la bia, inakuwa kama sumu. Asetaldehidi inajaa katika damu: uso unawaka, kichwa kinagonga, moyo unapiga mbio, mutu anatapika, nguvu za damu zinashuka.

Mwaka 1937 munganga mumoja wa kiwanda cha Marekani aliandika kwamba wafanyakazi wake wa mpira hawakuweza tena kunywa pombe. Kemikali ya kazi yao ilikuwa inafunga barieri ya pili, na wao hawakujua. Miaka kumi hivi nyuma yake, katika Denmark, Jens Hald na Erik Jacobsen walikuwa wanatafuta dawa ya minyoo. Walijaribu disulfiramu juu ya miili yao wenyewe, kisha wakakunywa pombe kidogo, wakaugua. Toka hapo disulfiramu ikawa dawa ya kusaidia watu kuacha pombe. Wengi wanaijua kwa jina la Antabuse ao Esperal. Mwaka 1974, Marekani tena, watafiti walieleza namna mafundi wanaotoa mafuta ku vyuma kwa trikloroetileni wanavyokuwa wekundu usoni wakikunywa bia nyuma ya kazi. Tena kuna watu wengi wa Uchina na Japani, wengine wako hapa Kolwezi, waliozaliwa na barieri ya pili zaifu: kopo moja tu, uso unawaka. Ni urithi wa wazazi, sawa rangi ya macho.

Nawaandikia wamama sasa. Mama mumoja alikuja kuniuliza kama ni zambi kumutilia mume wake vidonge vya kuachisha pombe ndani ya mboga, yeye asijue. Alikuwa amechoka. Feza ya masomo ilikuwa inaishia ku nganda, na mapigo yalikuwa yanakuja nyumbani. Sikumukaripia. Lakini nilimwambia, na nawaambia wote: usifanye hivyo, hata siku moja. Maandiko ya dawa yenyewe yanasema mutu asipewe pasipo yeye kujua, wala akiwa amelewa. Inapashwa masaa 12 ao zaidi yapite toka kopo la mwisho. Mutu asiyejua ataenda kunywa chupa zake tano kama kila siku, na moyo unaweza kusimama. Nguvu ya dawa hiyo inaweza kubaki mwilini mpaka siku 14 nyuma ya kidonge cha mwisho. Na wakati ataanguka ku nganda, watu watasema nini? Ulozi. Na wewe mama, safari hii, mukono wako utakuwa ndani yake.

Dawa hiyo ni ya mutu aliyekubali mwenyewe, mbele ya munganga, na nyumba yake ikijua. Kwa mume asiyekubali bado, kazi yetu ni nyingine: kumuombea, kumusemesha wakati hajalewa, kuita wazee, na kama anapiga, kuondoa watoto na mama kwa usalama.

Neno moja tena juu ya vidonge. Mukipewa Flagyl kwa tumbo, karatasi ndani ya sanduku inakataza pombe. Wanganga siku hizi wanabishana juu ya sababu yake, lakini wewe fuata karatasi.

Tufanye nini?

1. Mutu aliyekunywa pombe isiyojulikana, akianza kutapika, kuumwa tumbo, kupumua mbio mbio, ao kuona ukungu, apelekwe hopitali saa ile ile. Musingoje asubui. Musiseme "ni malaria" pasipo kupima.

2. Wapelekeni wote waliokunywa chupa ile, hata wanaocheka na kutembea. Zaidi sana wale walioongeza bia. Wao barieri yao imefungwa tu kwa muda.

3. Mubebe chupa na iliyobaki ndani yake. Inaweza kusema kuliko mugonjwa.

4. Museme ukweli. Mutoto wa shemasi akikunywa, jamaa inaficha kwa aibu, na munganga anatibu ugonjwa usiokuwapo. Aibu inapita, upofu haupiti.

5. Metanoli, antijeli na maji ya garaji yasitiwe kamwe ku chupa ya kunywa. Yaandikwe, yafungwe, yawekwe fasi watoto hawafiki.

6. Baba fundi, ukiona uso unawaka ao moyo unagonga kila mara unapokunywa nyuma ya kazi, mwambie munganga ni kemikali gani unashika.

7. Ku kilio, muchungaji na wazee wafike mapema na kuuliza: "Alikunywa nini? Na nani?" Swali hilo lisikie mbele ya lile la "alilala kwa nani?"

Neno la mwisho

Katika Yoane sura ya 9, wanafunzi waliona mutu kipofu, na wakamuuliza Yesu ni nani aliyefanya zambi ili azaliwe hivyo, yeye ao wazazi wake. Bwana hakuwapa jina la mutu. Alikataa swali lao, kisha akafanya kazi juu ya macho ya yule kipofu. Kanisa linapashwa kufuata njia hiyo. Wakati jamaa inatafuta mutu wa kulaumu, sisi tutafute mutu wa kuokoa, kwa maana mara nyingi yuko pale pale, amesimama kati ya waombolezaji, macho yake yanaona bado, na masaa yake yanahesabika.

Maswali ya kuzungumuza nyumbani

- Someni Mezali 23:29-35. Ni alama gani za mwili zinatajwa pale? Ni ipi mumeiona katika jamaa yenu?
- Nyumbani mwetu kuna chupa gani isiyo na jina? Iko wapi sasa hivi?
- Je, katika kabila ao kanisa letu kuna muzee aliyeitwa mulozi juu ya kifo cha mutu aliyekunywa pombe? Nani anaweza kwenda kumutembelea juma hili?